Chupa ya Sindo

Ijumaa, 5 Agosti 1994

Sindo. Nimefika saa tisa, vumbi mpaka kwenye meno. Niko tena kwa Mama Phelesia, anayebanika na kuuza samaki hapa. Amenipa chumba kile kile, na samaki mbuta wa kukaanga, kichwa kizima, kana kwamba mimi ni mkwe.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi natakiwa kuchota maji ya ziwa. Tuko watatu, kila mtu na pwani yake: Dakta Nashon Homa Bay, Cephas Rusinga, mimi hapa. Chupa moja moja, saa ile ile, halafu gari la mradi linapita na sanduku la barafu. Dakta anatafuta vijidudu vilivyomo, ni vya aina ngapi na vingapi. Anasema hakuna anayejua ziwa hili lina aina ngapi, hata yeye.

Lakini kesho ni Sabato. Jumamosi iliyopita mke wa Mzee Nicodemus, mzee wa kanisa, aliniona majini na chupa, sketi nimeikunja magotini. Kwenye shule ya Sabato mzee akafundisha juu ya vijana wanaouza siku ya Bwana kwa mshahara. Hakutaja jina. Ya nini? Mkisii mwenye chupa hapa ni mmoja tu.

Basi nimechota leo, kabla jua halijazama na Sabato kuingia. Kwenye kibandiko nimeandika: Jumamosi, saa 12 asubuhi. Chupa nimemwachia Mama Phelesia ampe dereva. Hakuuliza kitu.

Barafu sina. Ni usiku mmoja tu.

Sabato, 6 Agosti

Mzee Nicodemus amenisimamisha mbele ya kanisa. Akasema Dada Bonareri ana kazi ya watu wakubwa na bado ameishika siku. Nitoe ushuhuda. Na nikautoa! Nikasema Mungu hufungua njia. Amina ikapaa mpaka kwenye mabati. Mama mmoja alinishika mkono, machozi yanamtoka.

Nilirudi kuketi mashavu yanawaka. Amri ya nne nimeishika, ya tisa nimeivunja, tena kwa kalamu ya mradi.

Nyumbani nilimwuliza Mama Phelesia chupa ililala wapi. Alifurahi nimeuliza. "Nyathina, mwanangu, niliifunga kwa leso nikaiweka jikoni, hapo karibu na moto wa samaki. Isipigwe na baridi." Nikamwambia asante, mama. Ningemwambia nini kingine?

Jumatano, 10 Agosti

Homa Bay. Visahani vimeota.

Kila kisahani kina chakula cha vijidudu. Dakta hudondoshea tone la maji, anafunika, na baada ya siku kadhaa kila kijidudu kilichozaana kinaonekana kama doa. Cha Rusinga kinapendeza hasa: manjano, waridi, meupe madogo kama chembe za unga, na doa moja la zambarau ambalo lilimfanya Dakta acheke peke yake. Aina ishirini na tatu. Homa Bay kumi na tisa.

Cha Sindo ni utando mmoja, rangi ya uji. Aina tatu, basi. Na vingi mno, havihesabiki.

Mwezi wa Juni, wiki yangu ya kwanza kazini, Dakta alinifundisha mwenyewe: maji ya ziwa ni hai, ukiyaacha kwenye joto vijidudu vichache vyenye nguvu vinazaana ovyo na vingine vyote vinakufa. Niliyaandika hayo. Nikayapigia mstari! Siwezi kusema sikujua.

Dakta alikigeuza kisahani kwenye mwanga. Kisha akasema kuna uchafu mkubwa unaingia pwani ya Sindo. Akauliza kama niliona mtaro, au choo karibu na maji. Nikajibu sikuona. Sikuona kweli. Nilisimama hapo nikimwangalia anavyoandika.

Alhamisi, 11 Agosti

Nimejaribu. Kidogo. Nikasema, Dakta, pengine tuchote tena Sindo.

Akavua miwani. "Kwani kuna shida na vile ulichota?"

"Hapana, Dakta."

"Barafu ilikuwa?"

"Dereva alikuja nayo."

Kila neno la kweli. Nilitamani sakafu inimeze. Akasema katika watu wake wote mimi ndiye anayemwamini kwa kuandika saa. Cephas yeye hubahatisha. Barua ya kumwonya bwana afya juu ya maji ya Sindo ikaondoka kabla ya chakula cha mchana, na ni mimi niliyelamba bahasha.

Jumamosi, 13 Agosti

Sijaenda kanisani. Nimesema naumwa tumbo.

Jumatatu, 15 Agosti

Pwani ya Sindo imefungwa tangu juzi. Cephas ndiye aliyenipa habari, huku anakula mandazi. Bwana afya amekataza samaki kuuzwa na maji kuchotwa mpaka Oktoba. Malori yanakwenda kununulia pwani nyingine. Mbuta waliokuwa wameshabanikwa wamemwagiwa mafuta ya taa, kila mama na beseni lake. Nikauliza kama na Mama Phelesia. Cephas akasema alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Kesho kuna mkutano huko. Dakta anataka twende, mimi na yeye.

Jumanne, 16 Agosti

Naandika nyuma ya banda la mizani. Nimeomba dakika tano.

Wanawake zaidi ya sitini wameketi mchangani. Mzee Nicodemus yuko kiti cha mbele. Bwana afya amesoma karatasi yetu: Rusinga aina ishirini na tatu, Sindo tatu, maji yamekufa. Mama mmoja akasema hayo maji wanayanywa tangu enzi za bibi yake, kwa nini yafe mwaka huu? Bwana afya akajibu sayansi haibishani na bibi. Watu wakaguna.

Ndipo Mama Phelesia akasimama. "Muulize huyu nyar Kisii, huyu binti wa Kisii. Analala kwangu, anakula kwangu. Ni mtu wa Sabato, uongo hajui. Yeye akisema maji yetu ni mabaya, sisi tutanyamaza."

Wote wakanigeukia. Dakta akaniitikia kwa kichwa kunitia moyo. Nikasema naomba dakika tano, nipange maneno.

Sijapanga kitu. Nikisema, kazi imekwisha leo hii, Dakta ataonekana mjinga mbele ya watu, na kanisani sijui nitaingilia mlango gani. Nisiposema, watakaa hivi mpaka Oktoba. Naona aibu kwamba bado napima, kama kweli kuna cha kupima. Machozi yanaloweka karatasi.

Mama Phelesia amenifuata huku. Amenikuta nalia, akanifuta uso kwa kiganja chake. "Nyamaza, nyathina. Si wewe uliyeharibu ziwa." Anadhani nawalilia wao.

Bwana afya ameita jina langu mara mbili. Mama amemjibu kwa sauti wasubiri kidogo. Amesimama kando yangu, ananikinga na jua. Kusoma hajui. Anadhani naandika maneno ya kuwatetea, na ananiambia niandike polepole, nisiache kitu.