Lori la Mbele

Garissa, Jumanne

Bado tumefungiwa hapa. Leo ni siku ya tatu malori yamezuiwa, maana hakuna ruhusa ya kwenda Wajir bila wanajeshi wa kutusindikiza. Kurudi Nairobi pia siwezi. Vibali vyetu vyote anavyo afisa wao.

Kesho tunaondoka, na afisa amempanga Abdi mbele tena. Eti mashifta, hao waasi wa huku, ni Wasomali wenzake, kwa hiyo atajua wametega bomu wapi barabarani. Atajuaje? Abdi ni dereva tu kama mimi. Sisi wengine tunapita juu ya alama za magurudumu yake na kushukuru Mungu.

Leo baada ya swala ya alasiri aliniambia, "Mutua, wallahi hii bomu haiulizi mtu kabila. Wewe afisa anakusikiza. Mwambie tufanye zamu."

Nikamwahidi. Nilikwenda mpaka mezani kwa afisa, akaniuliza nataka nini. Mimi ndiye wa pili kwenye msafara; zamu ikianza, inaanza na mimi.

Nikauliza habari ya dizeli.

Niliporudi, Abdi alikuwa ameniwekea chai ya maziwa, ameifunika isipoe. Akanishukuru kabla sijafungua mdomo.

Nikainywa yote.