Dakika Kumi Kabla ya Mtandao Kukatika

Nyumba za Wafanyakazi,
Chumba Na. 6, nyuma ya hospitali.
14 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

U hali gani huko ugenini? Wifi yangu na mapacha hawajambo? Sisi tu wazima, ila magoti ya Mama yanamsumbua kwenye ngazi.

Masomo yangu ya jioni yanaendelea. Kwenye somo la mitandao ya kompyuta nimepangwa kundi moja na vijana wawili ambao ningeweza kuwazaa. Wananiita Mama Mtambo, kwa ajili ya miaka yangu kumi na tisa ya kuunganisha simu hospitalini.

Mhadhiri ametutaka tupange utafiti. Vijana walitaka kupima kasi ya intaneti bwenini. Mimi nikasema tuchunguze kwa nini simu za hospitali, ambazo sasa zinapita kwenye mtandao wa kompyuta, hufa kila umeme unapokatika. Wakakubali. Mmoja wao, fundi tunayemwita Waya, atapima vifaa. Mwenzake atawahoji wauguzi. Mimi nitanakili daftari la zamu.

Jumamosi tulikaa kwenye chumba cha simu kupanga ratiba. Waya akafunua daftari achague ukurasa wa mfano, na mkono wake ukaangukia siku aliyofariki Baba.

Mdogo wangu, baada ya mazishi uliniuliza kwa nini sikukupigia Baba angali anaweza kusema. Nilikujibu kwamba mtandao ulikatika. Tangu hapo tunaishia kwenye salamu.

Waya alisoma mwandiko wangu: saa nane kamili, daktari anaomba mgonjwa aunganishwe na mwanawe aliye nje ya nchi. Saa nane na dakika kumi, mtandao umekatika. Saa nane na ishirini na moja, umerudi.

Akaniuliza, bila ubaya wowote, "Mama, hizi dakika kumi za mwanzo, simu zilikuwa zinapita?"

Nikamwambia, "Zilikuwa zinapita vizuri."

Nilikuwa na watu watatu kwenye laini. Niliwaunganisha wao kwanza, kwa sababu nilizoea kufuata foleni, na kwa sababu nilidhani Baba bado yupo yupo. Mtandao uliporudi, muuguzi alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kuniambia Baba ameshafariki.

Vijana walipoelewa mgonjwa alikuwa nani, walitaka kuruka ukurasa ule. Nimewakataza. Utaingia kwenye utafiti kama ulivyo.

Sikukudanganya, ila nilikupa nusu ya ukweli na kujifunika nayo miaka minne. Baba alikuwa akikuulizia. Sauti yake ilikuwa haki yako, nami nilikucheleweshea. Nisamehe.

Mama anakusalimu sana. Yeye bado hajui, nitamwambia Jumapili. Shangazi naye anakusalimu. Wabusu mapacha kwa niaba yangu. Mola akutunze wewe na nyumba yako.

Wako akupendaye, hata usiponijibu,
Dada yako