Kioo Kisichopakwa Rangi

Alhamisi, Nkuhungu

Hata chakula cha jioni kimenishinda.

Kile kioo chenye tone la damu ya mtoto tulikipitisha mezani leo, wajumbe wote saba wa baraza la nidhamu la wataalamu wa maabara, na kila mmoja alikiinua kwenye mwanga wa dirisha. Hakijapakwa rangi. Sote tumefanya kazi maabara, tunajua bila rangi huoni kimelea hata hadubini iwe mpya kiasi gani. Lakini yule mtaalamu wa zahanati kule Chamwino aliandika: hakuna malaria. Mtoto akarudishwa nyumbani, akafa.

Mwenyekiti akakirudisha kioo kwenye bahasha. "Huyu nimemfundisha mwenyewe. Tumpe onyo, tusimharibie maisha."

Tusimharibie maisha! Nilifungua mdomo kabisa niseme. Jirani yangu akaninong'oneza, "Mzee, tumalize, chakula kinapoa." Nikaufunga. Halafu nikaenda kula. Pilau ile, na vipande viwili vya nyama, na mimi nikaomba pilipili.

Nje, mama wa yule mtoto alikuwa bado kwenye benchi tangu asubuhi. Akasimama aliponiona.

"Shikamoo, baba. Mmeamuaje?"

"Marahaba, mama. Utaletewa barua."

Akanishukuru. Na mimi nikaitikia.

Jioni hii katibu ametutumia muhtasari, turekebishe penye makosa. Umeandikwa kwamba wajumbe wote waliafiki onyo kwa kauli moja.

Nimeusoma mara tatu nikitafuta uongo niusahihishe. Haumo.