Ukweli wa Upande Wetu

Kellner Falls
4 Februari 2019

Mdogo wangu Renata,

Habari za Duluth, na baridi ya ziwani inakutendeaje? Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu la kushoto. Daktari amenikataza kuzoa theluji kwa koleo, kwa hiyo anazoa wifi yako Judy, na hanyamazi mpaka amalize. Mama hajambo. Anakusalimu sana, na ndiye aliyeniambia nikuandikie.

Najua hupokei simu zangu, mwaka wa sita huu. Sikulaumu. Ila lipo jambo ambalo haliwezi kusubiri.

Bila shaka umezisikia habari za Seneta Craig Lindqvist wa jimbo letu, yule Mrepublikan anayepanda jukwaani kila mwaka na mkewe na Biblia. Msichana wa ofisini kwake, Brianna Tesch, miaka ishirini na minne, amesema Lindqvist alimshika kwa nguvu ndani ya gari, na alipokataa akahamishiwa chumba cha mafaili. Sasa watu wa Lindqvist wanamchafua. Wanasema amenunuliwa na sisi Wademokrati. Kamati ya Maadili itamsikiliza tarehe 19 Machi, na siku hiyo wanaruhusu raia wengine kuzungumza.

Nimekuwa mwenyekiti wa chama hapa kauntini mwaka wa nne sasa. Tunatafuta wanawake wanaojua mambo kama hayo yanavyokuwa. Nilikufikiria wewe. Huna haja ya kutaja jina la mtu yeyote. Sema tu kwamba yalikupata, basi.

Kaka yako,
Leonard

~

Duluth
13 Februari 2019

Kaka Leonard,

Shikamoo. Nakuamkia kwa ajili ya umri, si kwa sababu nyingine. Mimi mzima. Pole na goti.

Usimtumie Mama. Naongea naye kila Jumapili akitoka misa. Juzi nilimuuliza kama alikutuma uniandikie, akashangaa, akaniuliza kwani tumepatana. Ukianza barua kwa uongo mdogo hivyo, mkubwa umeuficha wapi?

Nilikusikia redioni mwezi uliopita. Ulisema mwanamke akipata ujasiri wa kusema, kazi yetu ni kumwamini. Nilikuwa naosha mbwa wa mtu pale kliniki ya wanyama ninapofanya kazi. Nikafunga bomba nisikie vizuri. Sauti ilikuwa yako kweli.

Kwa hiyo nikukumbushe, maana naona umesahau. Mwaka 2001 nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani wa Seneta Dale Hostetter. Mdemokrati wetu, rafiki wa Baba, mtu aliyekula mezani kwetu. Kwenye mkutano mkuu wa chama aliniita chumbani kwake hotelini nimpelekee karatasi za kusaini, akafunga mlango kwa ufunguo. Niliponasuka nilikimbia nikaacha koti langu kitini. Ilikuwa Januari. Mhudumu mmoja wa hoteli alinitazama akanivika sweta yake, nikapanda basi nayo mpaka nyumbani.

Nilimwambia mtu mmoja tu duniani, wewe, tumekaa ndani ya gari lako nje ya kanisa. Ukaniambia, "Subiri uchaguzi upite." Uchaguzi ukapita. Ukasema tusubiri mswada wa pensheni. Mswada ukapita. Ndipo ukaniambia nilikuwa mtu mzima, nilijua ninaingia chumba cha nani. Na Baba alipokufa ukampa Hostetter kipaza sauti kanisani, mimi nimekaa safu ya pili.

Sasa umenikumbuka. Kwa nini leo? Nani kakupa wazo hili? Na jina langu umelitaja kwa nani huko chamani?

Mdogo wako,
Renata

~

Kellner Falls
20 Februari 2019

Mdogo wangu Renata,

Nimepokea barua yako salama. Natumaini nawe u salama. Barua niliisoma garini, sikutaka Judy aone uso wangu.

Kuhusu Mama umenikamata. Lakini jina lako sijalitaja kwa mtu yeyote. Nakuapia kwa kaburi la Baba.

Zile zilikuwa nyakati nyingine, Renata. Kiwanda cha karatasi kilikuwa kinafungwa, wanaume mia sita wako mlangoni, Baba mmoja wao. Hostetter peke yake ndiye aliyekuwa na kura za kuokoa pensheni zao. Angeanguka yeye, wangeanguka wote. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na nne na nikaona nimebeba mji mzima mgongoni.

Na tusichanganye mambo. Hostetter alikosea, sikatai, lakini hakuwahi kusimama kuwahubiria watu jinsi ya kuishi na wake zao. Lindqvist ndiyo kazi yake. Hilo ni jambo tofauti. Hostetter mwenyewe sasa ni mzee, anatembea na mtungi wa oksijeni. Utapata nini kwake?

Nakuomba utufikirie. Na uwe mwangalifu na watu usiowajua. Watu wa Lindqvist wanachimba kila mahali.

Kaka yako,
Leonard

~

Duluth
2 Machi 2019

Kaka Leonard,

Shikamoo. Sina hali nzuri, na utajua kwa nini.

Alhamisi alikuja kliniki mwanamume mmoja, Todd Amundson, hana mbwa wala paka. Mpole, kiatu kisafi. Aliniomba dakika kumi za kahawa kwenye mgahawa wa mkabala. Nilikwenda, nilitaka kujua ananijuaje. Akasema anafanya kazi na watu wanaojali ukweli, na wanajua yaliyonipata kwa Dale Hostetter. Akasema, "Sisi tunakuamini, bibie." Miaka kumi na nane nimengoja mtu aniambie hivyo, na aliyekuja kuniambia ni mtu wa Lindqvist.

Anataka niende kwenye kamati siku hiyohiyo ya tarehe 19 nimtaje Hostetter, ili watu waone Wademokrati walivyo. Usafiri juu yao, hoteli juu yao. Nikamuuliza, na Brianna Tesch je, yeye naye mnamwamini? Akageuza kikombe, akasema hilo ni jambo tofauti.

Maneno yako hayo, kaka. Neno kwa neno.

Halafu akasema, pole pole kama mtu anayekupa zawadi, kwamba wanajua hata habari ya koti. Leonard, habari ya koti niliisema ndani ya gari lako tu. Ama gari linaongea, ama wewe.

Uliapa kwa kaburi la Baba. Nani alimwambia?

Renata

~

Kellner Falls
8 Machi 2019

Renata,

Natumaini u mzima. Huku tumeingia Kwaresima, ukumbi wa wafanyakazi umeanza kuuza samaki wa kukaanga wa Ijumaa, na badala ya kusimama kwenye foleni nimejifungia nakujibu wewe.

Nimekwisha kuambiwa kwamba ulikaa na Amundson. Kuna mtu wetu aliyekuwa Duluth akawaona, anasema mlikaa zaidi ya nusu saa na ulikuwa unatikisa kichwa kukubali. Dakika kumi, uliniandikia. Sasa nani anamficha nani?

Wanajua habari ya koti, sawa. Mimi nitajuaje kwamba hukuwaambia wewe mwenyewe? Una hasira nami tangu mazishi. Ukitaka kunimaliza, hii ndiyo nafasi. Lakini jua utakayemmaliza ni yule binti. Ukimtaja Hostetter siku ile, magazeti yote yataandika Hostetter, na Lindqvist atatoka anacheka.

Mimi sikumwambia Amundson. Simjui hata kwa sura.

Leonard

~

Duluth
12 Machi 2019

Kaka Leonard,

Shikamoo. Afya yangu ni hiyohiyo.

Kwa hiyo mna mtu wa kunihesabia dakika za kahawa. Mwambie alikosea: nilikuwa natikisa kichwa kukataa. Nami nimekusoma vizuri. Hukusema hukumwambia mtu. Umesema hukumwambia Amundson.

Nimechoka kusikia habari za Brianna Tesch kutoka kwa wanaume, nikamtafuta mwenyewe. Tulikutana Jumamosi kwa shangazi yake. Alikaa na mkoba mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa. Kwanza hakuniamini. Aliniuliza nimetumwa na upande gani, nikamwambia hata mimi sijui, pande zote mbili zimeshanitafuta. Hapo ndipo alipocheka kidogo.

Unajua yeye ni Mrepublikan? Baba yake alimgongea Lindqvist mabango ya kampeni. Mjomba wake amemwambia asubiri uchaguzi upite. Aliponieleza hivyo ilibidi nitoke nje nivute hewa.

Nilimwambia wazi kwamba nikienda nitataja majina mawili, na kwamba inaweza kumharibia. Nikamwambia akisema nisiende, siendi. Akasema, "Ukitaja moja tu, watasema nawe umenunuliwa."

Basi nitakwenda, kwa gari langu, na nitalala kwa rafiki yangu. Neno moja tu nakuomba, na sitaomba tena: njoo useme ulichojua. Kama huwezi, basi niambie mimi. Koti ulimwambia nani?

Mdogo wako,
Renata

~

Kellner Falls
15 Machi 2019

Mdogo wangu Renata,

Natuma barua hii kwa posta ya haraka ikufikie kabla hujaondoka. Usisome ukiwa kazini.

Nilimwambia Hostetter. Wiki ileile, 2001. Nilikwenda ofisini kwake kumpiga, hiyo ndiyo niliyojiambia njiani. Nilimweleza yote, sweta, basi, koti. Yeye akafungua kabati akanipa koti lako limekunjwa vizuri, akasema ni msichana mzuri, amechanganyikiwa, na mambo ya familia tuyamalize kifamilia. Nililichukua, nikasema asante. Ndiyo, Renata, nilisema asante. Sikukuletea. Nililitia kwenye sanduku la nguo za msaada pale kanisani.

Msaidizi wake alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Yule bwana alishahama chama, sasa anafanya kazi kwa Lindqvist. Nilipopata barua yako ya tarehe 2 nilijua ni yeye aliyemweleza Amundson. Nilikutupia lawama nikijua.

Na miezi mitatu baadaye niliitwa kuwa msimamizi wa barabara za kaunti. Sikuiomba ile kazi. Lakini sikuuliza kwa nini imekuja.

Nakusihi usinitaje. Nina miaka mitatu nistaafu. Mama yupo nyumbani kwangu, hajui hata moja ya haya. Ukishasema Hostetter, watauliza nani alijua. Sitakuja. Nisamehe, au usinisamehe.

Kaka yako,
Leonard

~

Duluth
23 Machi 2019

Kaka Leonard,

Shikamoo. Nimerudi salama.

Huenda umeona televisheni, lakini wao walikata maneno yangu. Nitakuambia ilivyokuwa.

Ukumbi ulijaa. Watu wako walikuwa kulia, fulana za bluu, wa Lindqvist kushoto. Brianna alizungumza dakika ishirini, mikono chini ya meza. Mjumbe mmoja wa kamati, wa chama cha Lindqvist, akamuuliza alivaa nini, na kwa nini hakusema mapema. Kulia wakaguna kwa uchungu. Nikawatazama nyuso. Wengine nawajua, walikuwepo mwaka 2001.

Kisha nikaitwa mimi. Nikasema namwamini Brianna Tesch kwa sababu najua mtu anavyokuwa baada ya mambo kama yale. Kulia wakapiga makofi, wengine wakasimama. Nikasema aliyenifanyia mimi alikuwa Seneta Dale Hostetter, Mdemokrati. Makofi yakakatika. Wale waliosimama hawakujua wakae au waendelee kusimama. Na kushoto, waliokuwa wananitazama kama takataka, ndio sasa wakaanza kupiga. Amundson alikuwa ukutani, anapiga kwa heshima.

Nikawageukia nikasema, "Nyinyi mnaonipigia makofi sasa hivi, mmemuuliza huyu binti alivaa nini." Hapo hakupiga mtu, si kulia wala kushoto.

Mwenyekiti wa kamati aliniuliza kama kuna mtu aliyejua wakati ule. Nikasema yupo. Akaniuliza ni nani. Nikasema ana mdomo wake, jina lake atalitoa mwenyewe. Sikukuficha kwa huruma, kaka. Ningekutaja, ungesema umetajwa. Sikutaka kukupa hiyo nafuu.

Kesho yake gazeti la upande wenu liliandika nusu yangu ya kwanza, la upande wao nusu ya pili. Jana kamati ikapiga kura, Wademokrati watatu Lindqvist ana hatia, Warepublikan watatu hana. Anabaki kitini. Hostetter ametoa taarifa kwamba hanikumbuki.

Brianna alinipigia leo asubuhi. Anatafuta kazi. Nimemwambia mwenye kliniki.

Sina swali tena kwako.

Renata

~

Kellner Falls
5 Aprili 2019

Mdogo wangu Renata,

Habari za siku hizi nyingi. Mimi ninapumua.

Nilikaa na barua yako siku kumi. Juzi Jumatano tulikuwa na mkutano wa chama kauntini, watu kama arobaini, na ajenda ya kwanza ilikuwa tamko la kumtetea Hostetter. Walinipa nilisome kama mwenyekiti. Nilisoma sentensi ya kwanza, nikaliweka mezani. Nikawaambia mtu aliyejua ni mimi. Nikawaeleza kuhusu gari, ofisi, koti, kazi ya barabara, bila kupunguza.

Hawakupiga kelele. Mzee mmoja aliyefanya kazi na Baba mashine moja aliniuliza Lindqvist amenilipa nini. Hakuwa anatania. Mwingine akauliza kwa nini nimesubiri mpaka leo. Walipiga kura ya kuniondoa, nami nilihesabu kura mwenyewe, maana katibu alikuwa analia. Barua yenye sahihi yangu nimeipeleka kwa kamati na kwa magazeti yote mawili. Upande wao wameniita shujaa. Sijawahi kutukanwa vibaya hivyo.

Jana nilimwambia Mama, kabla hajasikia kwa watu. Alikuwa anamenya viazi. Aliendelea mpaka akamaliza kile cha mkononi, akafuta kisu, akaniuliza ulikuwa na baridi kiasi gani ndani ya lile basi. Nikasema sijui, sikukuuliza. Akaenda chumbani kwake akafungasha.

Sikumzuia. Nimempigia Judy aje kunichukua baadaye, maana baada ya kumfikisha Mama kituoni sidhani nitaweza kuendesha. Tumekaa hapa kwenye benchi tunasubiri basi la Duluth. Nimemwomba akubebee barua hii. Ameitikia kwa kichwa tu, anangoja nimalize kuandika. Hakutaka kukupigia simu kwanza, anaogopa utamwambia asije.

Kwa hiyo ukisoma hapa, yupo mbele yako. Mpokee mkoba. Atakataa, lakini ni mzito.

Kaka yako,
Leonard