Chungu kilicholia "du" kwenye mchanga

Ijumaa, mvua haijaacha tangu alfajiri

Kyela ikiamua kunyesha inanyesha. Bati linapigwa tu. Nimekaa na simu, kidole kimoja kinaandika, vingine tisa vinatazama.

Leo naandika kwa sababu habari ya vyungu inasimuliwa vibaya. Wote wanakosea, wote. Pale mwaloni Matema wanasema nilivunja vyungu saba. Waongo. Wanasema nilikuwa nimelewa. Saa mbili asubuhi? Siku ya Jumatano? Pombe yenyewe ilikuwa bado imelala. Na kuna mmoja, mdomo kama wa kambale, anatembea akisema mke wangu alinipiga na mwiko. Hakunipiga. Alinirushia, ukapita.

Chungu kilichovunjika ni kimoja.

Ila nilikivunja mimi, hilo sikatai.

Mimi shule sikwenda. Kusoma nilifundishwa kanisani, kwa hiyo nikikosea herufi mlaumuni mwinjilisti. Kwetu ni Ngana, kwenye kokoa na ndizi, nikaja kuoa huku ziwani kwa Wakisi, wafinyanzi. Na huku udongo ni wa wanawake. Mama wa mwanangu Gwakisa anachimba, anakanda, anafinyanga, anachoma. Mwanaume unabeba kuni, unapiga kasia, unakula.

Mimi peke yangu nilipata kazi ya maana. Nilikuwa sikio.

Chungu kikishapoa unakining'iniza kwenye vidole vitatu, umevipitisha ndani ya shingo yake, unakigonga na mpini wa mwiko. Kizima kinalia ngiii. Chenye ufa, hata ufa mwembamba kama unywele ambao jicho halioni, kinasema du. Hicho kinavunjwa palepale, vigae vinafunikia moto wa siku nyingine. Miaka yote hiyo hakuna chungu cha Mama Gwakisa kilichofika sokoni bila kupita kwangu. Enzi zangu nilikuwa na masikio, bwana! Samaki akikohoa ziwani, mimi huku namwambia pole.

Sasa Jumatano. Tulishuka na mtumbwi, vyungu vimepangwa kwenye majani makavu, kazi yake ya wiki tatu. Nyumbani sikuvigonga kwa sababu mgongo ulikuwa umenikamata. Nikamwambia, "Nitavigonga Matema, vitakuwa vimetulia." Uongo mtupu, chungu hakitulii wala hakichangamki. Mgongo tu.

Bahati alikuwa anatusubiri. Bahati ni dada mfanyabiashara wa kule Mbugani, mjini, na vyungu vyake anavichukua kwetu tangu anaanza. Pembeni amesimama Mwalimu Lusajo, anafundisha sayansi sekondari, amekuja kujitafutia chungu cha maji ya kunywa.

Sasa vyungu vyetu chini ni vya mviringo, havina kitako. Ukiviweka tu vinabingirika kama watoto wa nguruwe. Kwa hiyo tulivizamisha kwenye mchanga mbichi ule wa ukingoni, karibu nusu ya tumbo, vikakaa mstari mzuri kama waimbaji wa kwaya. Nikaona, ah, sasa niviinue vyote na mgongo huu? Nikapita na mwiko nagonga kimoja kimoja palepale vilipokaa.

Du.

Cha pili, du. Cha tatu, du. Nimefika cha tisa, du.

Bahati akaacha kutafuna muwa. Akasema, "Tata, hivi navyosikia ndivyo?"

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikataka kumwonyesha huyu wa mjini kwamba sikio halijakosea. Nikanyanyua mwiko, nikakipiga kile cha tatu kweli kweli. Kikafunguka vipande vinne. Nikaokota kigae nimwonyeshe ufa.

Hakuna ufa. Chekundu kimeiva mpaka ndani, safi.

Mama Gwakisa hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikiangalia kile kigae, akaniangalia mimi, akasema polepole, "Baba Gwakisa, umeniulia mtoto mzima." Akaninyang'anya mwiko. Ndipo ukaruka. Ukaanguka majini, mwalimu wa watu akaufuata na viatu vyake.

Na Bahati naye anajifunga kanga. "Mama, kimoja kizima sawa, lakini hivi vingine nimevisikia mwenyewe vinasema du. Nikiuza kibovu soko zima litajua. Ndaga, asanteni, nitaangalia kwa wengine." Wiki tatu za mke wangu zinaondoka na kanga ile. Mimi nimesimama na kigae mkononi. Nikawaza, kama sikio limekufa, mimi huku ziwani nimebaki nani? Mla wali.

Yule mdomo wa kambale hapa anasema niliokolewa na mwalimu. Si kweli! Mwalimu alikuwa amesharudisha mwiko, anakung'uta kiatu. Mama Gwakisa ndiye aliyeinama, akakichomoa kile cha kwanza mchangani, akakipangusa, akaniambia, "Shika kama unavyoshikaga." Nikapitisha vidole vitatu shingoni, kikaning'inia. Akagonga.

Ngiii! Kama kengele ya kanisa asubuhi ya Pasaka. Nilisikia mpaka nikasisimka. Na vidole vikatekenywa, kama nimeshika nyuki kwenye kitambaa.

Mama Gwakisa akaniuliza, "Umesikia?"

Nikamwambia, "Kengele!"

Bahati akafungua kanga. Tukavichomoa vyote, kimoja kimoja, mgongo ulie usilie. Vyote vikaimba. Vikubwa sauti nzito, vidogo nyembamba. Akavichukua vyote, na mwalimu cha kwake.

Lakini mimi nikabaki na swali. Chungu kilekile, mwiko uleule, mchangani du, mkononi ngiii. Nani kakibadilisha?

Nikamuuliza mwalimu. Akasema, "Mzee, sauti ni mtetemo." Nikamwambia Mwalimu, hilo ni neno la kujibia mtihani, mimi nataka la kulia ugali. Akacheka. Akasema ukikigonga chungu, ukuta wake unatikisika, unaenda huku unarudi huku, haraka mpaka jicho haliuoni. Ukuta unausukuma upepo uliopo jirani, nao unamsukuma mwenzake, hivyo hivyo mpaka unafika kwenye kingozi kidogo ndani ya sikio, nacho kinatikisika. Basi, umesikia. Lakini ukikizamisha kwenye mchanga mbichi, mchanga umekikumbatia, unakinywa mtikisiko wote kabla haujafika popote. Kama mtu anayetaka kucheza ngoma, wewe umemkalia miguu.

Na ufa? Akasema ufa ni vilevile, mtikisiko unakata hapo, midomo ya ufa inasuguana, nguvu inaishia hapo. Ndiyo maana vyote viwili, cha ufa na cha mchangani, vinasema du. Kichwani mwangu nikasema, kumbe du ni moja lakini magonjwa ni mawili. Yeye hajawahi kulisema vizuri namna hiyo, na mshahara analipwa.

Nikamuuliza na habari ya sauti nyembamba. Akasema kidogo kinatikisika harakaharaka, kikubwa polepole. Haya.

Sasa mimi siamini kitu mpaka nikishike. Leo kwa sababu ya mvua, na Mama Gwakisa amejifungia jikoni na shoga zake, nimechukua chungu kilichobaki nyumbani, nikafunga mdomo wake na kipande cha nailoni, nikakaza na kamba mpaka kikawa kama ngoma. Juu nikamwaga mchele kidogo. Mchele wa Kyela, usiomchezea mtu. Nikainamisha mdomo karibu, pembeni punje zisipeperushwe na pumzi, nikaguna kwa nguvu, "Mmmmm!"

Ukacheza! Wallahi wa kanisani, ukacheza. Punje zinaruka na hakuna aliyezigusa. Nikapandisha sauti, nikashusha, kuna sauti zinaukubali na kuna sauti unakaa tu unaniangalia. Kwa nini? Sijui. Hili nitamuuliza mwalimu. Mama Gwakisa alichungulia akanikuta mzee mzima naguna na mchele. Akafunga mlango.

Halafu nikakumbuka jambo jingine alilosema mwalimu akiwa anaondoka, akiwa ameshika chungu chake. Alisema mtikisiko haupendi upepo peke yake, unapita kwenye mti, kwenye maji, hata kwenye mfupa. Alisema hivyo akiniangalia kidogo, nami nikajifanya naangalia mtumbwi.

Nikauchukua mwiko. Nimekining'iniza chungu kwenye kamba ya darini, upande mmoja wa mwiko nimeugusisha ukingoni, upande wa pili nimeuma na meno. Meno sita yaliyobaki, lakini ya kazi. Nikagonga na kijiko.

Ngiii.

Ndani ya fuvu. Ndefu, tamu, inakwenda inaisha kwa mbali. Nikagonga tena. Nikagonga mpaka mate yakanitoka kwenye mwiko, na mengine hayakuwa mate.

Nilirudia mara ngapi sijui.

Jumatatu Mama Gwakisa anachoma vyungu vingine. Kesho mvua ikiacha nitamwita, niume mwiko mbele yake, acheke mpaka ashike mbavu, halafu agonge yeye. Kama sikio la mtu linaweza kuhamia kwenye meno, kazi yangu sijaipoteza, imehama tu nyumba. Au nimwache acheke kwanza ndiyo nimweleze? Sijui nianze na lipi.

Maana lazima nimweleze. Na wewe shajara pia. Nimekwambia yote kama yalivyokuwa, chungu kilichovunjika ni kimoja, mwiko ulipita, mwalimu alilowa. Kuna jambo moja tu nimetunga. Ile kengele ya Pasaka pale mchangani. Waliosikia ni wao watatu. Mimi huu mwaka wa pili, chungu kikilia ngiii au du kwangu ni kimya kimoja, huwa naangalia uso wa Mama Gwakisa nikijifanya nasikiliza; maneno ya mtu aliye karibu ndiyo bado nayapata, na hata zile du nilizisoma usoni mwao. Jumatano vidole vilitekenywa, uso wake ukafunguka, na hivyo viwili ndivyo nilivyoviita kengele.