Maua ya Nyuma ya Kilio

Mama,

Muti yako ya machungwa imetoa maua. Mvua haijakuja, si wakati wake, lakini imetoa maua mingi mupaka matawi inainama.

Unajua desturi yetu. Ku kilio chako, zile siku za matanga, ba tata, bazee ba jamaa, baliwasha moto mu lupango, mu kiwanja ya nyumba, karibu na muti, na ile moto hatukuzima mupaka siku ya mwisho. Hakuna mutu aliwaza mizizi. Hata mi, mwenye niko nasoma mambo ya miti ku université, nilikaa palepale, nikachochea kuni. Ganda la muti liliungua upande moja.

Maua ilipotoka, Mama mukubwa, dada yako, aliita bajirani bote. «Mukuye muone! Mudogo wangu anatusalimia!» Bamama ba Musonoi, mutaa yetu, balikuja, bengine balilia. Mi nikasema ovyo: hapana, ile si salamu, ni woga, muti iko naogopa. Nikabaeleza kama ndani ya muti muko jeni, zinapangwa jamaa na jamaa kama batu, na kuko jamaa zenye kazi yake ni kupeleka habari. Mizizi ikiungua ao ikikosa maji, habari inapanda ku majani: mufunge milango yenu ya pumzi, maji isitoke. Wakati ingine muti inaharakisha maua, juu ya kuacha mbegu mbele ya kufa.

«Njo bile banakufundisha? Kuvunja batu roho?» Mama mukubwa alikasirika kabisa.

Nilienda kulala. Sikulia. Tangu tulikuzika sijalia, Mama. Nakula, naoga, najibu salamu. Ni bile tu.

Kuko habari ingine. Mugodi imetufikia. Bakipasua mawe, nyumba inatetemeka; ule ufa wa chumba chako, sasa mukono unaingia. Banatufukuza, cité yote, kila nyumba ya mutaa. Balipaka alama nyekundu ku mulango, katapila zinakuja nyuma ya Noeli. Bajirani bamoja balishaenda Tenke. Kaburi yako haiguswi, niliuliza mara mbili. Lakini muti mukubwa namna hii hauhamishwi, utaangushwa pamoja na nyumba.

Basi nikashika kisu, nikakata macho ya muti, zile chipukizi ndogo, nikapandikiza ku miche ya ndimu, nikafunga na nailoni ya mufuko kama ulinionyesha. Ulikuwa unasema: «Usikaze sana, si mufungwa.» Mama mukubwa alinishikia miche.

Macho ikakauka, moja nyuma ya ingine. Nilishakata tamaa. Jana asubui moja ilikuwa imefunguka: jani dogo, kama kucha ya mutoto. Mama mukubwa akaiinamia, akaniuliza polepole, bila kunicheka: «Na hii, iko naogopa?»

Nikamuambia, hapana, Mama mukubwa. Hii imeshikana na ndimu, iko nakula.

Na pale njo nililia. Nililia mupaka Mama mukubwa akaninyang'anya kisu ya kupandikiza mu mukono, nisijikate.

Ulale, Mama. Kule tutapelekwa, popote iko, muche tutaubeba mu mikono, si mu camion pamoja na vyombo. Utakuwa muti. Na nakuahidi nitaambia batoto bangu mapema: siku ya kilio changu, moto bauwashe mbali na ule muti.

Mutoto wako.