Kukimbia Bila Kuaga

Jumapili, Ilala. Mawingu yametanda tangu alfajiri lakini mvua imegoma, joto limebaki mtaani kama nguo zilizoanikwa zikakataa kukauka. Nimechoka. Huu si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Naandika nimelaza miguu juu ya mto, na hata kidole ninachobonyezea simu kinauma, sijui nacho kilikimbia wapi.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: nina fremu ya vifungo, zipu na lesi pale Kariakoo, naishi na mama yangu, na nimeshakimbia nusu marathoni kadhaa za milimani, Lushoto na Mbeya. Safari hii nimejiandikisha marathoni kamili. Ni ya hapa hapa mjini, tambarare mwanzo hadi mwisho. Nilijisemea moyoni, mtu aliyepanda ile milima ya Lushoto, barabara ya Posta itamshinda nini?

Ujinga mtupu.

Mlima unakutesa halafu unakuachia. Unapanda kwa hatua fupi huku ukilaani, ukifika juu unateremka, na ile misuli iliyopandisha inapumzika, mingine inashika zamu. Tambarare haina huruma hiyo. Misuli ni ile ile, hatua ni ile ile, lami ile ile, hakuna mahali mwili unasema haya, sasa pumua. Wiki zote hizi Jumatatu zimenikuta nimesimama dukani nampimia mteja lesi huku nimeegemea meza nisianguke. Wateja wanadhani nina maringo.

Nataka kusema ukweli hapa kwa sababu kwa watu huwa sisemi. Naitaka hii kamili kuliko ninavyoonyesha. Nina miaka arobaini na kitu, na vitu vyangu vingi vimeishia katikati. Chuo niliacha Mama alipougua. Ndoa ikakatikia njiani. Hata hilo duka ni nusu fremu, nusu nyingine anayo dada mmoja anayeuza mikoba. Nilitaka kitu kimoja tu kiwe kizima.

Leo yalikuwa mazoezi marefu ya mwisho. Kocha Side, anayefundisha kikundi chetu cha mbio, alishatutangazia: leo jioni ndiyo mwisho wa kumwambia nani anabaki kwenye kamili na nani arudishwe nusu, kesho anapeleka majina. Nikajiwekea sharti. Nitazunguka kutoka nyumbani, Kariakoo, Posta, hadi Kivukoni pale Feri, kisha nirudi Ilala. Mizunguko minne. Nikiimaliza yote nakimbia, nabaki kamili. Nikitembea, narudi nusu na sitaki kulialia.

Kikundi hukimbilia kule ufukweni, kwenye watu wengi wa mazoezi. Mimi leo nilitaka kuwa peke yangu na maji yawe karibu, ndiyo maana nikachagua mtaani kwetu. Maji nilimwachia mlinzi wa fremu zetu, na simu nikamwachia hapo hapo, maana wanaopora simu kwa pikipiki hawajali kama uko kilomita ya ngapi. Mama nilimwacha bado yuko kwenye mswala wake. Sikumuaga. Anajua huwa naenda mazoezini, lakini kwake mazoezi ni kitu cha kupunguza tumbo, nusu saa umerudi, na mimi sijawahi kumweleza zaidi.

Kwenye kona yetu kuna baraza la kahawa, wazee hukaa pale tangu asubuhi na kashata zao, mkubwa wao Mzee Kombo. Mzunguko wa kwanza nilipunguza mwendo nikawasalimu, shikamooni, wakaitikia marahaba kwa pamoja, mmoja akanitania kwamba nimechelewa gari. Wa pili nikainua mkono tu. Wa tatu pumzi ilikuwa imeniisha, jasho limeingia machoni, nikawapita kama siwaoni.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Mtaani kwetu mwanamke mzima, mtoto wa fulani, hapiti mbio mbele ya wazee bila kusalimia. Akipita hivyo, na uso umekunjamana, na alishapita tena na tena, kuna jambo. Na kwetu jambo la namna hiyo haliulizwi moja kwa moja. Mzee Kombo alivaa kofia yake vizuri, akaenda mwenyewe mpaka mlangoni kwa Mama.

"Bi Zaina, hamjambo humu ndani? Kuna habari yoyote kutoka kwa wasafiri?"

Alitaka tu kujua, masikini. Lakini Mama anazijua njia za kuleta habari mbaya. Mtu akija kofia kichwani, sauti chini, akauliza wasafiri, basi huyo anajua na anatafuta namna ya kukuambia. Na msafiri wetu ni mmoja, kaka yangu Hamisi, dereva wa lori la Tunduma. Mama akapiga simu ya Hamisi, haipatikani. Akapiga yangu, inaita tu, imelala kwa mlinzi Kariakoo. Mzee Kombo, kwa kuona Mama anatetemeka, naye akaamini kwamba kumbe ni kweli. Bi Mwanaidi wa nyumba ya pili akasikia sauti ya Mama, akawaita majirani. Haya yote nimesimuliwa baadaye na Bi Mwanaidi mwenyewe.

Mimi wakati huo nilikuwa mzunguko wa nne, natokea Feri, harufu ya samaki imenikamata kooni. Nilipofika Mnazi Mmoja miguu ilianza kukaza. Kariakoo nilimpita mlinzi hata maji sikuyagusa, niliogopa nikisimama sitaondoka tena. Na pale karibu na kuingia mtaani kwetu, nyumba zimeshaanza kuonekana, nikaacha kukimbia. Sikudondoka wala sikuvunjika kitu. Niliacha tu. Nikatembea mikono kiunoni, nikajisemea ndiyo hivyo, nusu imekuita nyumbani, na machozi yakanitoka kama mtoto.

Nilipokata kona nikaona viatu.

Viatu vya kike vimejaa mlangoni kwetu. Mkeka umetandikwa nje, wanawake wamejitanda khanga, Bi Mwanaidi ameshika kichwa. Wazee wa baraza wamesimama upande wa pili wa barabara. Sikumwona Mama.

Ana presha, Mama. Nilimwacha kwenye mswala bila hata kumwambia natoka. Ndani ya kifua changu kitu kilisema tu, ameondoka, na wewe ulikuwa unazunguka mjini kama kichaa. Nikakimbia. Sijui ile miguu niliitoa wapi, ile ile iliyokataa dakika chache nyuma. Nilikimbia huku napiga kelele "Mama! Mama!", na wale wanawake waliponiona naja vile, machozi usoni, wakajua ndiyo habari imefika rasmi. Kilio kikaanza. Bi Mwanaidi akanidaka mlangoni, "Jikaze mwanangu, Hamisi katangulia," mimi nasema Hamisi gani, Mama yuko wapi, na Mama ndani aliposikia sauti yangu akatoka akiwa hana hata mtandio.

Tulishikana pale mlangoni. Yeye ananililia Hamisi, mimi namlilia yeye, naye yuko mikononi mwangu mzima wa afya.

Ilichukua muda watu kuelewana. Kisha simu ya Mama ikaita. Hamisi, amefika penye mtandao. Bi Mwanaidi ndiye aliyepokea, akaweka sauti kubwa.

"Jamani vipi huko? Mbona mmenipigia hivi, au nimekufa?"

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Halafu mmoja akashindwa kujizuia, akafuata mwingine, mpaka wazee wale ng'ambo wakawa wanafuta macho. Watu walikuwa wameshakaa mkekani na chupa za chai zilishaletwa, kwa hiyo chai ikanywewa. Mzee Kombo akavuka barabara akaja kwangu.

"Sasa wewe ulikuwa unakimbia nini?"

"Mazoezi, Mzee."

"Mazoezi," akarudia, akaenda zake akitikisa kichwa.

Mama aliingia chumbani kwake akafunga mlango, na nikasikia kitanda kimelia alipojilaza. Nilikaa ukumbini na nguo zangu za jasho, najiona mjinga na nina hatia. Kwa saa nzima mama yangu alimzika mwanawe kwa sababu yangu. Hicho ndicho kimenichosha zaidi kuliko kilomita zote.

Mchana akaja na beseni la maji ya moto yenye chumvi, akaliweka miguuni pangu, akakaa kwenye kigoda.

"Hebu niambie. Unakimbia mpaka wapi hasa?"

"Siku yenyewe, Mama, ni kama kutoka hapa mpaka Kibaha."

"Na mabasi ya Kibaha yamefanya nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mtu mzima hatoki mbio bila kuaga, mwanangu. Ukiaga, watu wanajua wakuwazie nini. Leo tumekuwazia kila kitu isipokuwa hicho."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nilitembea mwishoni, nimeshindwa, narudi kwenye ile nusu yangu ya siku zote na sitawasumbua tena. Akachukua beseni akaenda kumwaga maji.

Jioni nikafungua simu, niliyoifuata Kariakoo kwa bajaji maana kutembea ilishindikana, nikamwandikia kocha: *Kocha, nirudishe nusu.* Sikutuma mara moja. Nilikuwa nimelala hapa hapa kitandani, dirisha liko wazi, nikamsikia Mama nje anawarudishia majirani chupa zao za chai. Alianzia kwa Bi Mwanaidi.

"Nisameheni kwa ya leo. Na mkimwona tena, msishtuke. Anajiandaa na mashindano. Anakimbia mpaka Kibaha."

"Kibaha hii hii? Kwa miguu?"

"Kwa miguu. Yote. Hakatishi hata kidogo."

Akaenda nyumba inayofuata, nikamsikia tena, maneno yale yale. Akavuka barabara kwenda barazani. Huko sikusikia alichosema, nilisikia wazee tu wakipaza sauti, halafu kicheko, halafu sauti ya Mama imewafunika wote.

Niliinuka nikakaa. Maisha yangu yote, Mama hajawahi kumtangazia mtu jambo langu kabla halijaisha. Chuo, watu walijua nilipokuwa nimeshaacha. Ndoa, waliambiwa nilipokuwa nimesharudi na mabegi. Hata hizo mbio za milimani hakumwambia mtu, maana hakujua ni mbio. Na leo, mtu niliyempasua moyo asubuhi, anazunguka mtaa mzima na chupa za chai za watu anasema mwanangu anafika Kibaha.

Nikajiuliza kama kweli ananiamini au ananikomoa. Bado sijui. Nadhani ni yote mawili, namjua mama yangu.

Nimefuta ule ujumbe. Nimemwandikia kocha neno moja, *kamili*, nikatuma, nikazima arifa za simu nisione atajibu nini.

Sharti langu sikulitimiza, najua. Nilitembea. Miguu bado inauma, barabara bado ni tambarare, na siku yenyewe haitakuwa na viatu mlangoni vya kunitisha nikimbie. Naogopa kweli. Lakini kesho kabla sijafungua duka nitapita barazani, nitakaa chini, nitakunywa kahawa yao chungu, na nitawaaga wale wazee mmoja mmoja kwa jina lake.

Nikishawaaga, itabidi nifike.